Lijue Jiwe Kabla ya Kununua Tairi

Anayetoka Kisiwani Mombasa kwenda kupandisha gari miambani hukutana na mawe ya aina nyingi, na kila jiwe lina namna yake ya kuua tairi.

Mji wa Kale wa Mombasa umesimama juu ya jiwe lile lile lililoujenga. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, waliiweka juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari. Nyumba kongwe za Ndia Kuu na Kibokoni nazo ni za matumbawe na chokaa. Likichongwa na kupigwa lipu, jiwe hili huwa ukuta unaopoza nyumba na baraza ya kukalia jioni. Likiachwa wazi kwa mvua na chumvi huliwa kidogo kidogo: sehemu laini huondoka, ngumu zikabaki zimesimama kwa ncha. Kuanzia Shimoni hadi Kilifi na Watamu, njia nyingi za ufuoni zisizo na lami hupita juu ya ncha hizo, na mafundi wa pancha wa Pwani wanayajua matokeo yake: tairi lililochanika ubavuni, pengine jipya, meno yake hayajaisha hata robo.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa yeyote anayetafuta tairi la kupandia miamba. Mazoea ya dukani ni kuanza na meno. Mteja huinama, akaingiza kidole kwenye mifereji, akatafuta tairi lenye meno makubwa na sura ya kutisha. Tairi la miamba halichaguliwi hivyo. Kwanza hutazamwa jiwe, kisha ubavu, kisha upepo ambao tairi linaweza kupunguziwa bila kuharibika. Meno huja baadaye.

MCHEZO USIOTAKA MBIO

Kutambaza gari juu ya miamba ni mchezo uliokomaa Marekani, katika njia kama Rubicon Trail ya California na majabali ya Moab, Utah. Kwetu Kenya, shindano lililo karibu nao zaidi ni Rhino Charge, lililoanza mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za kuzungushia uzio msitu wa Aberdare. Uzio huo wa umeme, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009, na shirika la Rhino Ark linaloandaa shindano likaendelea na kazi hiyo Mlima Kenya na Mau Eburu.

Kanuni zake zinaeleza kwa nini tairi ni jambo kubwa. Kila gari hupewa saa kumi kufika kwenye vituo 13 vilivyotawanywa porini. Mshindi ni yule aliyevifikia vyote kwa kwenda umbali mfupi kuliko wenzake. Mwendo wa kasi hauhesabiwi. Dereva anayelizunguka jabali kwa kilomita mbili amejiharibia hesabu. Anayelipanda moja kwa moja amejipunguzia umbali, mradi ateremke upande wa pili akiwa na matairi manne mazima. Wahenga waliposema mwenda pole hajikwai hawakuwa wakifikiria gari, lakini dereva wa miamba hana kanuni bora kuliko hiyo. Gurudumu hupandishwa juu ya jiwe kwa gia nzito, polepole, bila kuzungushwa bure. Tairi linalozunguka papo hapo juu ya jiwe linasagika, na likishika ghafla huweza kuvunja ekseli.

Si lazima uwe mshindani ndipo mambo haya yakuhusu. Anayekwenda kuvua Shimoni, anayepeleka watalii Tsavo, mhandisi wa minara ya simu milimani Taita, wote hukanyaga mawe. Tofauti yao na mshindani ni kwamba wao lazima warudi Kisiwani kwa matairi hayo hayo, kwenye lami, na Jumatatu waende nayo kazini.

MAWE MANNE, TABIA NNE

Ukitoka Mombasa kuelekea kusini au kaskazini, jiwe lako ni matumbawe. Si gumu sana, ila ni kali. Haliliumizi sana tairi pale chini linapokanyagia, ambapo mpira ni mnene. Hulivizia pembeni, gurudumu linapotumbukia kwenye tundu na ubavu ukasugua ukingo wake. Kwa matumbawe, ubavu mnene ndio ulinzi.

Ukipanda kuelekea bara kupitia Mazeras au vilima vya Shimba, unaingia kwenye mawe ya mchanga. Haya ndiyo mawe bapa ambayo watu wa Pwani na Nairobi huyatandika uani na kuyabandika ukutani. Yakiwa makavu hushika tairi vizuri, kwa kuwa uso wake unakwaruza, lakini kukwaruza huko huula mpira. Hatari nyingine ni bamba lililolegea: gurudumu la mbele likilikanyaga upande mmoja, upande wa pili hunyanyuka na kungoja gurudumu la nyuma.

Milima ya Taita ina mawe ya kale sana, magumu, yaliyolainishwa na mvua na miaka. Barabara za kupanda Vuria, kilele chenye urefu wa mita 2,208, mara nyingi huwa na ukungu, na jiwe la namna hiyo likilowa huteleza. Hapa ubavu haumo hatarini sana. Kinachotakiwa ni mpira laini na eneo kubwa la kugusa jiwe.

La nne ni jiwe la volkano. Ndani ya Tsavo Magharibi, karibu na lango la Chyulu, kuna ziwa la mawe meusi liitwalo Shetani, lililomwagika katikati ya karne ya 19 na kuenea kwa urefu wa takriban kilomita nane. Barabara iendayo upande wa Amboseli hukatiza juu yake. Sheria za hifadhi haziruhusu gari kuacha njia, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kwenda kuyapanda majabali yenyewe. Lakini hata njiani vipande vyake hutosha kukupa somo. Jiwe hili lina matundu ya mapovu, na kila tundu lina kingo. Hukata ubavuni, hukata chini, na humega meno vipande vipande.

Kwa hiyo swali la muuzaji, "Unataka tairi la foo-bai-foo?", halijakamilika. Jibu linalofaa ni kumtajia njia unayopita.

UBAVU NDIO MALI

Tairi la redio, yaani radial, ambalo Michelin walilisajili hati yake mwaka 1946, lina mikanda ya nyuzi za chuma chini ya meno. Mikanda hiyo haifiki ubavuni. Ubavuni kuna mpira na nyuzi za kitambaa tu, na wepesi huo ndio unaolifanya tairi lipinde na kutulia barabarani. Jiwe kali nalo linajua pa kupita. Tobo la chini huzibwa kwa dakika chache kwa kamba ya pancha. Ubavu uliokatika nyuzi haurudi tena kuwa tairi la safari, hata fundi autie kiraka kizuri namna gani kwa ndani.

Kipimo cha nguvu kimeandikwa pale pale ubavuni. Herufi C maana yake ni nguvu ya plai sita, D plai nane, E plai kumi. Siku hizi hesabu hiyo ni kiwango cha nguvu. Haina maana kwamba ukilipasua tairi utazikuta tabaka kumi. Tabaka halisi nazo huandikwa, kwa herufi ndogo zaidi: sehemu moja hutaja zile za chini ya meno, nyingine za ubavuni. Matairi mengi yana tabaka mbili ubavuni. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya mawe huwa na tatu. Piga magoti, washa tochi ya simu, usome.

Lakini usinunue nguvu kuliko uzito wa gari lako. Land Cruiser ya kazi iliyopakia ina uzito wa tani mbili na nusu na zaidi, na plai kumi inaifaa. Suzuki Jimny haifiki hata nusu ya hapo. Ukiivika tairi la plai kumi, ubavu utakataa kupinda, gari litarukaruka juu ya mawe, na hata ukipunguza upepo tairi halitatandaa. Gari jepesi linataka ubavu unaopinda.

NAMBA NA UPANA

Chukua tairi lililoandikwa 265/75R16. Upana wake ni milimita 265. Ubavu wake una urefu wa asilimia 75 ya upana huo, karibu milimita 199. R ni redio, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha, tairi zima lina kimo cha kama milimita 804. Tairi la 225/75R16 lina kimo cha kama milimita 744. Tofauti ni sentimita sita, lakini difu itanyanyuka sentimita tatu tu, kwa sababu ekseli imo katikati ya gurudumu.

Sentimita tatu hizo zina gharama. Gia zote zinakuwa ndefu, gari linakuwa zito kuondoka, breki zinabeba mzigo zaidi, na spidomita inaanza kudanganya: ikikuonyesha kilomita 80 kwa saa, kwa mabadiliko hayo unakwenda kama 86. Kabla ya kupandisha saizi, pinda usukani hadi mwisho kulia na kushoto, utazame kama tairi halitasugua chesisi au bodi, na uiarifu kampuni ya bima.

Upana nao haufai kushangiliwa. Tairi la 235/85R16, ambalo wenye Land Rover wanalijua vizuri, lina kimo cha kama milimita 806, sawasawa na lile la 265/75R16, lakini ni jembamba zaidi kwa sentimita tatu. La kizamani la 7.50R16 la Land Cruiser liko katika kimo hicho hicho. Kwenye matumbawe wembamba ni faida: ubavu hautokezi sana nje kutafuta ncha, na dereva huweza kulipitisha gurudumu kati ya jiwe na jiwe. Ukipunguza upepo, eneo la kugusa hurefuka kwenda mbele na nyuma, na urefu huo ndio unaokamata jiwe.

Kwa mkazi wa Mji wa Kale kuna sababu nyingine. Vichochoro vyetu vilipimwa kwa watu na punda. Tairi pana linalochomoza nje ya bodi hulifanya gari lichukue nafasi zaidi kwenye kona, na pembe ya baraza ya jirani huuchana ubavu sawa na mwamba wa Shimoni, kwa kuwa ni jiwe lile lile.

SASA MENO

Matairi ya magari haya huja kwa makundi matatu. HT ni ya lami, meno madogo na mifereji myembamba. AT ni ya njia zote. MT ni ya matope, yenye meno makubwa yaliyoachana, aghalabu yakiteremka hadi begani mwa ubavu.

Juu ya jabali kavu, kina cha meno hakina kazi kubwa. Kinachoshika ni mpira wenyewe kulala juu ya uso wa jiwe na kujaza vijishimo vyake. Ndiyo maana washindani wa Marekani hutumia matairi ya mpira laini sana, yanayonata, ambayo kwenye lami yangekwisha upesi. MT hupata ubora wake pale jiwe linapochanganyika na tope, au meno ya begani yanapodaka ukingo wa jiwe na kulivuta gari juu. Lipeleke kwenye barabara ya kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 480, nalo litavuma masikioni safari nzima, litatumia mafuta zaidi, na mvua ikinyesha juu ya lami litahitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimamia.

Kwa anayeishi Kisiwani na kwenda miambani mara moja moja, AT lenye ubavu wa tabaka tatu, au la plai nane hadi kumi kwa gari zito, ndilo chaguo la busara. MT limfae mshindani na yule ambaye kazi yake iko kwenye tope na mawe wiki nzima.

UPEPO: TAIRI LA PILI USILOLIPIA

Dereva anayejua kupunguza upepo anaweza kulipita jabali kwa AT la kawaida huku mwenye MT jipya lililojazwa ndindindi akiteleza. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme Land Cruiser na mzigo wake ni kilo 2,800, kila tairi likibeba kilo 700. Upepo ukiwa PSI 35, eneo linalogusa ardhi ni kama sentimita mraba 285. Ukishuka hadi PSI 18, linakaribia 550. Hiyo ni hesabu ya kitabuni, isiyotia ndani ugumu wa ubavu, lakini inaonyesha jambo lenyewe: tairi hutandaa kama unyayo wa ngamia, na mzigo ule ule ukagawanyika juu ya eneo kubwa zaidi. Tairi lililotandaa hulizunguka jiwe dogo. Lililojaa hulipiga na kuruka.

Hata hivyo, upepo ukipungua ubavu hufura nje, na ubavu uliofura ndio unaotafutwa na matumbawe na mawe ya volkano. Kwa hiyo jiwe ndilo liamue. Juu ya majabali laini ya Taita, gari zito laweza kushuka hadi PSI 18 au 20, na Jimny chini kidogo ya hapo. Kwenye matumbawe na mawe ya Chyulu, simama kwenye 25 hivi, uende polepole zaidi. Chini ya PSI 12 tairi huweza kuchomoka kwenye rimu, isipokuwa ziwe rimu za mashindano zenye pete ya kubana ukingo wa tairi kwa bolti. Mwenye tyubu awe mwangalifu zaidi: tairi likiteleza juu ya rimu huiburuta tyubu, na valvu hung'oka.

Kosa linaloua watu hutokea baada ya mchezo kwisha. Dereva ametoka miambani, amechoka, ameiona lami ya Voi, akasahau kujaza. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupinda mno kila linapozunguka, hupata joto, kisha hupasuka. Kama huna pampu ndani ya gari, usipunguze upepo. Ukishapunguza, usizidishe kilomita 40 kwa saa mpaka ujaze tena.

DUKANI

Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016, na cha General Tyre cha Arusha kilikuwa kimenyamaza tangu 2009. Matairi tunayonunua sasa karibu yote yamekuja kwa meli, na kabla ya kufika rafuni huenda yamekaa bohari moja baada ya nyingine kwenye joto. Tafuta tarakimu nne za mwisho za mstari wa DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa haujakanyaga barabara, na ubavu ndio unaotangulia kupasuka nyufa. Tairi lenye zaidi ya miaka mitatu likiuzwa kwa bei ya jipya, lirudishe.

Tahadhari pia na matairi ya mtumba na yale yaliyokuja na gari kutoka Japani. Baadhi yameandikwa STUDLESS, maana yake ni ya theluji. Mpira wake ni laini, na mnunuzi aliyesikia kwamba mpira laini hushika mawe anaweza kudanganyika. Yametengenezwa kwa baridi. Kwa joto la Mombasa huisha upesi, na ubavu wake haukukusudiwa mawe.

Nunua matano, yanayofanana kwa saizi na aina, spea ikiwemo. Gari linalovuta magurudumu yote manne likivalishwa matairi ya vimo tofauti hulazimisha gia zake kupingana, na spea ndogo miambani ni hasara ya giaboksi. Kila baada ya kilomita 8,000 hivi, zungusha matairi, spea nayo iingie zamu. Kabla ya kuondoka, pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo chako mwenyewe.

Ukiwa na bajeti isiyotosha kila kitu, gawa hivi: kwanza matairi matano ya AT yenye ubavu imara na tarehe ya karibuni, katika saizi iliyokuja na gari; pili kipimo cha upepo, pampu na kamba za pancha; tatu, fedha zikibaki, ndipo ufikirie kupandisha saizi au kununua MT. Anayeanza na la tatu huishia kununua mara mbili. Na ukifika dukani, usimwambie muuzaji unataka tairi kali. Mwambie unakwenda wapi, gari lako lina uzito gani, na huko njiani kuna jiwe la namna gani; akishindwa kukujibu kwa hayo matatu, nenda duka la pili.